Gololi bondeni: shajara ya mlima wa jipsamu

Jumamosi, 8 Februari

Nimeanza rasmi leo. Aliyenichokoza ni binti mmoja wa Kidato cha Tano, wiki iliyopita. Nilikuwa nimechora ubaoni kile kilima tunachokichora walimu wote wa kemia kueleza mmenyuko, yaani dutu kugeuka kuwa dutu nyingine: vianzio kushoto, mazao kulia, katikati kinundu cha nishati amilishi, ile inayohitajika ili mmenyuko ufanyike. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, mstari wa kusimama unapima nishati. Huo wa kulala unapima nini?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi enzi zangu: mwendo wa mmenyuko. Akauliza, mwendo wa nani? Kengele ikaniokoa.

Jibu ni mwendo wa viini. Bondi, yaani kiungo kati ya atomu na atomu, inapokatika na nyingine kuungwa, kinachofanyika ni viini vya atomu kuhama: hiki kinasogelea, kile kinajitenga. Kilima cha ubaoni ni uchochoro mmoja tu uliokatwa kutoka kwenye nchi nzima yenye mabonde na miinuko. Mwanafunzi akiuona huo uchochoro peke yake, anatoka darasani akiamini kwamba mwenye nishati ya kutosha lazima avuke. Mimi mwenyewe niliamini hivyo mpaka chuo mwaka wa pili.

Basi nitaijenga hiyo nchi kwa jipsamu ya dari, niviringishe gololi juu yake. Mmenyuko niliouchagua ni mwepesi kuliko yote: atomu ya haidrojeni inaigonga molekuli ya haidrojeni, inanyakua atomu moja, ya tatu inaachwa. Ndio huohuo ambao wanakemia Henry Eyring na Michael Polanyi waliuchorea ramani mwaka 1931, Berlin. Atomu tatu nazipanga katika mstari mmoja, kwa hiyo nahitaji umbali aina mbili tu: wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu. Umbali hizo mbili zinakuwa urefu na upana wa ubao, nishati inakuwa kimo.

Jumanne, 11 Februari

Siku ya hesabu. Kompyuta ya zamani, feni mezani, umeme ukakatika mara moja tu.

Chini bondeni, molekuli ikiwa imetulia, viini viwili viko umbali wa angstromu 0.74. Angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni 10 ya mita. Kwenye kipito, pale juu panapounganisha bonde la kuingilia na la kutokea, umbali zote mbili ni sawa, angstromu 0.93. Kipito kina kimo cha kilojuli 40 hivi kwa moli (kilojuli hupima nishati, moli ni idadi maalumu ya molekuli). Ukitaka kuzitawanya atomu zote tatu kila moja kivyake, unapanda hadi 458. Nimeamua angstromu 1 iwe sentimita 25, na kilojuli 10 ziwe sentimita 1. Kipito kitakuwa sentimita 4. Uwanda wa juu ungefika karibu nusu mita, nimeukata kwa sentimita 15, hakuna gololi yangu itakayofika huko.

Kuna jambo moja lazima niliandike, maana bila hilo mlima wenyewe usingekuwepo. Kwa nini naweza kuchora ardhi tuli, halafu viini vikatembea juu yake? Elektroni nazo ziko wapi? Wanafizikia Max Born na J. Robert Oppenheimer walilijibu mwaka 1927. Protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836. Nenda soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, asubuhi, tazama mkokoteni wenye kibua na inzi wake. Mkokoteni ukisogea hatua moja, inzi wameshajipanga upya juu ya samaki kabla msukumaji hajainua mguu wa pili. Viini ni mkokoteni. Kwa kila mkao wa viini, elektroni zimeshajipanga, na jumla ya nishati kwa mkao huo ndiyo kimo cha jipsamu mahali hapo. Viini vinasukumwa na mteremko ambao elektroni zimeutengeneza.

Jumamosi, 15 Februari

Kwa fundi, Ngamiani, Barabara ya 12. Ni fundi wa dari za jipsamu, mzee wa makamo, mikono yake inapima bila rula. Nilimwamkia, nikamfunulia karatasi zangu za kontua, ile mistari ya kuonesha vimo. Akazitazama kwa muda.

"Mwalimu, hii ni Usambara?"

"Si Usambara, Fundi. Ni haidrojeni."

"Haya. Ina barabara ya kupanda?"

"Inayo moja, inakata kona hapa katikati."

"Basi ni Usambara."

Tumekata maboksi ya dukani, yana unene wa nusu sentimita, kwa hiyo tabaka mbili kwa kila kilojuli 10. Tukayabandika kwa gundi, tukapaka jipsamu juu, fundi akalainisha kwa mwiko mdogo. Mihimili miwili nimeiweka kwa pembe mraba, kama grafu ya kawaida. Sikufikiri mara mbili. Joto la kaskazi lilikausha kila kitu kabla ya adhuhuri.

Jumapili, 16 Februari

Nimeharibu. Gololi ya kwanza iliingia bondeni vizuri, ikapanda kipito, ikaenda moja kwa moja mpaka ukuta wa mwisho, ikarudi ilikotoka. Ya pili hivyo hivyo. Niliporudi kwenye kompyuta na kuviachia viini vya hesabu kwa nishati ileile, vilikata kona vikavuka. Ardhi moja, matokeo mawili.

Nimekaa nayo hadi saa nne usiku. Kosa haliko kwenye vimo, liko kwenye pembe. Gololi haijui kwamba kiini cha katikati ni kimoja tu. Kwenye grafu ya pembe mraba, urefu unabadilika peke yake na upana peke yake, kama vile kila umbali una mwenyewe. Kumbe atomu ya kati inamilikiwa na umbali zote mbili. Inaposogea kulia, upande mmoja unapungua na mwingine unaongezeka kwa hatua hiyohiyo.

Jumatano, 19 Februari

Kumweleza fundi kwamba mlima wake mzuri hautumiki ilikuwa kazi kubwa kuliko hesabu.

"Mlima umesimama, Mwalimu. Tatizo liko wapi?"

Tulikuwa tumekaa barazani watatu: yeye, kijana wake msaidizi katikati, na mimi mwishoni. Nikamwambia kijana anisogelee kidogo. Akasogea. "Fundi, mimi nimekaribiwa, wewe umeachwa. Kijana kapiga hatua ngapi?" "Moja." "Ubao wangu ulimhesabia mbili." Fundi akacheka, akaenda kuchukua msumeno.

Dawa ni kuulaza mhimili mmoja, na pembe ya kuulaza inatoka kwenye uzito wa viini. Zidisha uzito wa atomu ya kwanza na ya tatu. Gawanya kwa jumla ya mbili za kwanza mara jumla ya mbili za mwisho. Tafuta kipeuo cha pili, hiyo ndiyo kosaini ya pembe. Kwa haidrojeni tatu ni robo, kipeuo chake nusu, pembe digrii 60. Nilikuwa naijua fomula hii tangu chuo, nikadhani ni mbwembwe za wanahesabu. Kumbe ndiyo inayoingiza uzito wa viini ndani ya ramani. Elektroni huamua vimo, uzito wa viini huamua jinsi ubao unavyolala.

Nimerekebisha na jambo la pili: kilojuli 10 sasa ni nusu sentimita, tabaka moja la boksi. Kuta za mwanzo zilikuwa kali mno, gololi ilikuwa inaruka badala ya kuviringika, na gololi inayoruka haisomi tena ardhi. Kipito kimeshuka hadi sentimita 2.

Ijumaa, 21 Februari

Gololi inakwama juu ya kipito. Nimepitisha kidole: pana kishimo, kama sahani ya kikombe cha kahawa. Boksi la katikati lililowana gundi limebonyea.

Nimecheka peke yangu. Ramani za mwanzo za Eyring na wenzake nazo zilikuwa na bonde dogo palepale kileleni, ambamo atomu tatu zingeweza kutuama kwa muda. Wanakemia wakalitania kwa kuliita Ziwa Eyring. Hesabu bora za miaka ya baadaye zilionesha kwamba ziwa hilo halipo. Lao lilitokana na makadirio, langu limetokana na gundi. Fundi ameliziba kwa pati na msasa dakika kumi.

Jumamosi, 22 Februari

Siku niliyoingoja. Nimepasua bomba la kupitishia nyaya za umeme, likawa mfereji wa kuachilia gololi. Gololi ni za chuma, za bearing za baiskeli kubwa, kutoka kwa fundi baiskeli wa jirani. Tanga hukosi gololi.

Jaribio la kwanza: gololi inaachiwa kimo cha sentimita 2.5 juu ya sakafu ya bonde, inaingia imenyooka bila kuyumba. Kati ya mara 10 imevuka 9. Ile moja ilikutana na chembe ya mchanga.

Jaribio la pili: kimo jumla kilekile cha sentimita 2.5, ila nimekigawa. Mfereji unatoa sentimita 1 ya kusonga mbele, na gololi inaanzia ubavuni mwa bonde, sentimita 1.5 juu, ili iingie ikiyumba kushoto na kulia. Kuyumba huko ni mtetemo wa molekuli: bondi inarefuka, inafupika. Nishati haijapungua hata chembe na inatosha kabisa kuvuka kipito cha sentimita 2. Imevuka mara 3 kati ya 10. Saba zilizobaki zilipanda kidogo, zikajigonga ubavuni, zikarudi.

Hapo ndipo swali la yule binti lilipo. Nishati ilikuwepo, ila ilikuwa imeelekea kusiko.

Halafu kuna zile tatu. Nilizirudia kwa kuangalia zinafikaje kwenye kona. Zilizovuka zilifika zikiwa ndiyo kwanza zinatoka ubavu mmoja, kuyumba kwao kukazisukuma kuelekea bonde la pili. Zilizorudi zilifika zikiyumba kinyume. Kimo sawa, kasi sawa, tofauti ni sehemu ndogo ya mtikisiko mmoja. Molekuli halisi nayo iko hivyo: kama bondi ya zamani inarefuka wakati mgeni anafika, mambo ni mepesi, kama inafupika, mgeni anakuta mlango unafungwa.

Na hata zile 9 zilizovuka zikiwa zimenyooka, hakuna iliyotoka imenyooka. Zote zilitoka zinayumba. Kona imechukua mwendo wa mbele ikaugeuza mtetemo.

Jumatatu, 24 Februari

Darasani. Ubao ulisafiri kwa bajaji, mimi nimeukumbatia kama mtoto.

Kijana mmoja akaleta gololi ya kioo, akasema nyepesi itavuka kirahisi zaidi. Tukaachia ya chuma na ya kioo kimo kimoja: njia ileile. Akakasirika kidogo. Akauliza pia kama kuviringika hakuli nishati. Kunakula, sehemu mbili kati ya saba za nishati ya mwendo wa gololi ni za mzunguko wake, lakini ni sehemu ileile wakati wote, kwa hiyo njia haibadiliki, inachelewa tu. Hilo nililiandaa.

Swali ambalo sikuliandaa: kwa muda gani? Tukapiga hesabu pamoja. Bondi ya haidrojeni inatetemeka mara moja kwa femtosekunde 8 hivi. Kuipata femtosekunde moja, igawe sekunde moja kwa milioni, kisha kila kipande kigawe kwa bilioni. Nikawaambia: femtosekunde kwa sekunde ni kama sekunde kwa miaka milioni 32. Darasa likanyamaza, halafu mtu nyuma akasema, "Nani alikaa kuangalia?"

Aliyeangalia ni mwanakemia Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur, Misri, aliyesoma Alexandria kabla ya kwenda Marekani. Mwaka 1987 yeye na wenzake waliipasua molekuli ya sayanidi ya iodini kwa mwako mfupi wa leza, kisha wakaipiga mwako wa pili uliocheleweshwa kidogo kidogo, wakaona bondi inavyoachia ndani ya femtosekunde 200 hivi. Mwaka 1999 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia peke yake. Nilitaja Misri kwa makusudi. Yule kijana wa gololi ya kioo amenifuata baada ya kipindi kuuliza herufi za jina.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani imeingia, fundi anafunga kazi adhuhuri, nami nimebaki na chaki.

Gololi inanidanganya mahali pamoja, na leo nimeamua kupaweka wazi badala ya kuwaficha wanafunzi. Gololi ikiachwa inatulia chini kabisa ya bonde. Kiini hakitulii. Hata kwenye baridi kali kiasi gani, molekuli ya haidrojeni inabaki na mtetemo wake wa chini usioondoka, kilojuli 26 kwa moli. Kwenye ubao wangu hiyo ni sentimita 1.3 kutoka sakafuni, zaidi ya nusu ya kimo cha kipito! Nimechora mstari wa chaki nyeupe pande zote mbili za bonde. Chini ya mstari huo hakuna haidrojeni inayoishi.

Kisha nikachora wa bluu kwa deuteri, haidrojeni yenye nyutroni ya ziada, nzito takriban mara mbili. Chaji ya kiini ni ileile, elektroni ileile, kwa hiyo jipsamu ni ileile. Pembe pia ni ileile, digrii 60, maana tatu zote zimekuwa nzito sawasawa. Kwa gololi hakuna tofauti yoyote. Lakini deuteri inatetemeka taratibu zaidi, mtetemo wake wa chini ni kilojuli 18.5. Mstari wa bluu uko sentimita 0.9. Deuteri inaanzia chini zaidi ya haidrojeni, mbele ya mlima uleule.

Usichukulie kwamba haidrojeni inabakiza sentimita 0.7 tu za kupanda. Pale kipitoni nako viini vinatetemeka kwa kuvuka upande, sehemu ya ile nishati imeshikwa huko. Ila tofauti inayobaki inaonekana maabara. Katika mimenyuko ambamo bondi ya kaboni na haidrojeni ndiyo inayokatika, ukibadilisha haidrojeni kwa deuteri, kasi inaweza kushuka mara 7 hivi kwenye joto la kawaida la chumba. Wanakemia hutumia ujanja huo kama mpelelezi: badilisha atomu moja, pima kasi, utajua kama bondi hiyo ndiyo inayokatika kwenye hatua ngumu.

Jambo la mwisho ambalo jipsamu haliwezi kabisa: kiini chepesi wakati mwingine hakipandi kipito, kinapenya. Haidrojeni hupenya zaidi ya deuteri kwa sababu ya wepesi. Nilifikiria kutoboa tundu kwenye mlima kuonesha hilo. Nimeacha. Tundu lingewafanya waamini kwamba pana tundu.

Jumamosi, 15 Machi

Ubao wa pili umekauka kabla mvua haijaanza. Huu ni wa florini kuigonga haidrojeni, pembe digrii 46, na hapa mhimili mmoja lazima uvutwe kidogo kwa kuwa uzito haulingani. Kinundu ni kidogo kama mgongo wa kijiko na kiko mapema, kwenye bonde la kuingilia, kabla ya kona. Baada yake ni mporomoko wa karibu sentimita 7, kilojuli 134.

Gololi ikipita kinundu, inaporomoka ubavuni na kuingia bonde la pili ikigonga kuta huku na huku kwa kelele. Mtoto wa Michael Polanyi, John, ndiye aliyeusoma mtetemo wa mazao ya namna hii kupitia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, yanaoutoa yakizaliwa. Mwana hufuata kisogo cha nina, huyu kafuata cha baba. Katika mmenyuko huu karibu theluthi mbili ya nishati inayotolewa huishia kwenye mtetemo wa floridi ya haidrojeni, ndiyo maana umetumika kuendeshea leza. Tuzo yake ya Nobel aliipata 1986 pamoja na Dudley Herschbach na Yuan T. Lee.

Nikaugeuza ubao, nikaachia gololi kutoka bonde la pili kurudi. Sasa kipito kimekuwa mbali, baada ya kona. Ukiitupa imenyooka kwa nguvu zote, inagonga ukuta wa kona na kurudi. Ukiiyumbisha, inapanda. Kinundu cha mapema kinataka mwendo wa mbele, cha kuchelewa kinataka mtetemo. Binti wa swali la kwanza alilisema hilo mwenyewe kabla sijalisema, nikamwachia chaki aandike.

Jumapili, 16 Machi

Nimechora ubao wa tatu: klorini, haidrojeni, klorini. Nzito, nyepesi, nzito. Fomula inatoa pembe ya digrii 13.5. Ndani ya uwazi huo gololi itagonga kuta mara nyingi kabla ya kutoka, kama mtoto anayetumwa kwa majirani wawili waliogombana: kila akifika huku anarudishwa kule, wenyewe hawajainuka vitini. Ukiweka deuteri katikati, pembe inapanuka hadi 18.9, na zamu za kurudishwa zinapungua.

Baada ya futari nimempitishia fundi mchoro. Ameushika karibu na taa, akakunja jicho moja.

"Mwalimu, huu si mlima. Huu ni mfereji wa maji ya mvua."

"Unajengeka?"

"Mwiko wangu hauingii humo." Akafikiri. "Kijiko cha chai kitaingia."

Jumamosi nampelekea maboksi na kijiko.